Samaki Wanapigana? Panga Upya Tangi Kabla ya Kumtoa Mbabe

Nilikuwa na dume mmoja wa Melanochromis auratus, mweusi mwenye mistari ya samawati, urefu wake hauzidi kidole cha kati. Tangi lilikuwa la sentimita 90, samaki tisa ndani, na mawe yote nimeyarundika upande wa kulia kwa sababu ndivyo lilivyopendeza ukiingia mlangoni. Wiki ya tatu rundo lile lilikuwa na mwenyewe. Wale wanane waliobaki walibanana kona ya juu kushoto, nyuma ya hita, mikia imechanika, na chakula kikiingia hakuna aliyethubutu kushuka.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikamtoa mbabe. Kesho yake aliyekuwa wa pili kwa ukubwa akarithi rundo, tena akawa mkali kuliko aliyemtangulia. Nikamtoa naye. Wa tatu akashika. Ningeendelea hivyo ningebaki na samaki mmoja na maji mengi. Ndipo nikaanza kulitilia shaka lile rundo.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa samaki mimi nimeona wanakaa, mradi zizi liwe na kona na mmoja asishinde akimwona mwenzake. Mwongozo huu unahusu hilo: kupanga kile anachokiona samaki na kule anakoweza kukimbilia. Mifano mingi nimeitoa kwa sikilidi, jamaa za perege, maana ndio wagomvi wakuu kwenye matangi ya maji yasiyo na chumvi. Hata hivyo, hatua nyingi zinafaa kwa samaki yeyote anayelinda mahali.

Hatua ya 1: Chora ramani kabla ya kugusa jiwe

Chukua karatasi uchore mstatili wa tangi lako kama linavyoonekana kwa juu. Weka alama penye mawe, mimea, hita na filta. Kisha kaa kwenye kiti, mita mbili hivi kutoka kwenye kioo. Ukisogea karibu watakuja kuomba chakula, na samaki anayeomba chakula haonyeshi tabia yake. Dakika tano za mwanzo usiandike kitu, waache wakusahau. Halafu kwa dakika 20 andika kila mkimbizano kwa mshale, kuanzia pale mfukuzaji alipotokea hadi pale alipogeuka kurudi.

Hapo anapogeuka pachunguze sana. Samaki mwenye eneo lake hamfukuzi mwenzake kutwa nzima. Anafika mahali anasimama ghafla, anatunisha mapezi, anarudi kwake. Huo ndio mpaka, na ukishapata mishale kumi na tano hivi utauona umejichora wenyewe. Lakini kama mishale yote inatoka sehemu moja na kuvuka tangi kutoka kioo hadi kioo, basi tangi zima ni shamba la mmoja na wengine ni wavamizi, hata wakae wapi.

Usihesabu kila kitu kuwa vita. Samaki wawili wakisimama ubavu kwa ubavu, mapezi wima, miili inatetemeka, au wakitazamana uso kwa uso na kufunua vifuniko vya mashavu, wanapimana nguvu tu. Hata kushikana midomo na kusukumana mara nyingi huishia hapohapo. Kupimana huko ndiko kunakowaepusha na kuumana, kwa hiyo usikuingilie. Kinachotakiwa kukushtua ni samaki anayezidi kufukuzwa wakati ameshakimbia, tena na tena. Anayening'inia kona ya juu rangi imempauka. Anayehema haraka kuliko wenzake. Mwenye mkia uliotafunwa kama daftari lililopitiwa na panya. Na yule asiyekuja kula wenzake wanapokula, huyo mtoe leo, umweke peke yake apumzike, kisha uendelee na hatua zinazofuata.

Ramani hiyo itunze. Utaihitaji tena.

Hatua ya 2: Jua wanagombea nini

Wanagombea mahali, wenza na mayai, au chakula. Halafu kuna sababu ya nne ambayo wengi huisahau, nayo ni kufanana.

Mtaalamu wa tabia za wanyama Niko Tinbergen, Mholanzi aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, aliwachunguza samaki wadogo wa Ulaya wenye miiba mgongoni. Msimu wa kuzaliana dume wao huwa mwekundu tumboni na hulinda kieneo chake. Tinbergen alichukua madume wawili majirani, akamweka kila mmoja ndani ya mrija wa kioo, akaisogeza mirija yote miwili kwenye eneo la wa kwanza. Wa kwanza akataka kushambulia, wa pili akawa anahangaika kukimbia. Akaipeleka kwenye eneo la wa pili, mambo yakageuka: aliyekuwa simba akawa swala. Samaki ni walewale na mirija ni ileile, kilichobadilika ni mahali tu.

Jaribio lake jingine lilikuwa la visanamu. Madume wale walivishambulia visanamu vya ovyo ambavyo havikufanana na samaki, mradi vimepakwa rangi nyekundu upande wa chini. Kisanamu kilichochongwa vizuri kikafanana na samaki kamili, lakini hakina wekundu, hakikuwachokoza kiasi hicho.

Yote mawili utayatumia nyumbani. Ukibadilisha mahali, mbabe anapoteza sehemu ya ujasiri wake. Na ukiweka pamoja madume wanaofanana rangi na mistari, unawachokoza mwenyewe. Ukitaka kuchanganya aina mbalimbali, changanya na maumbo na rangi: wa njano, wa buluu, mwenye mistari ya kusimama, mwenye mistari ya kulala, kila mmoja na sura yake.

Hatua ya 3: Tazama sakafu, lita baadaye

Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 40 linachukua lita 192. Tangi la sentimita 80 kwa 40 na kimo cha 60 nalo linachukua lita 192. Ukiwauliza wauzaji watakwambia ni sawa. Kwa samaki anayelinda mahali chini si sawa hata kidogo: la kwanza lina sakafu ya sentimita za mraba 4,800, la pili lina 3,200. Theluthi moja ya ardhi imepotea, na samaki aliyefukuzwa amepoteza pia sentimita 40 za kukimbilia.

Kwa sikilidi wa mawe, sentimita 120 ndio mwanzo mzuri, na wale wakali kama huyo auratus wangu wasiwekwe kwenye tangi fupi zaidi ya hapo. Hilo nililijua baadaye, nikalipa kwa kununua tangi jipya. Kimo kina faida kwa samaki wenye umbo la kimo, kama malaika, Pterophyllum scalare, ambaye mapezi yake yanahitaji nafasi juu na chini. Kumbuka pia lita 192 za maji zina uzito wa kilo 192 kabla hujaweka jiwe hata moja, kwa hiyo meza ya kawaida haifai.

Hatua ya 4: Hakikisha maji hayachangii

Hapa sikai sana, ila usiruke. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri kwenye kipimo, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita, na ikikaa chini ya 20 ni bora zaidi. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla bakteria wa filta, wanaoziondoa sumu hizo, hawajatosha, na katika muda huo samaki huwa na msongo unaoweza kuonekana kama ukorofi. Joto likipanda, miili yao huenda mbio zaidi na hasira nazo hupanda. Ikiwa aina uliyonayo inaridhika na nyuzijoto 24 au 25, huna sababu ya kuweka hita kwenye 28. Wakati mwingine kushusha nyuzi mbili, polepole kwa siku kadhaa, kunatuliza kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 5: Vunja mstari wa macho

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Samaki humfukuza anayemwona. Akiwa amesimama mlangoni kwa pango lake na mbele yake kuna mchanga mtupu hadi kioo cha mwisho, basi kila anayepita ni mchokozi. Weka jiwe kubwa katikati ya njia hiyo na ulimwengu wake unakatika nusu. Yule wa upande wa pili hayupo tena machoni pake, na asiyekuwepo hafukuzwi.

Njia rahisi ya kupima ni tochi. Usiku, taa ya tangi ikiwa imezimwa, weka tochi kwenye kioo cha pembeni, sentimita kumi hivi juu ya mchanga, umulike kuelekea upande wa pili. Mwanga ukifika kioo cha mwisho bila kuguswa na kitu, samaki naye anaona hadi huko. Sogeza tochi mbele na nyuma kwenye upana wote wa kioo. Popote mwanga unapopenya moja kwa moja, hapo panahitaji kizuizi. Usimulike muda mrefu, dakika moja inatosha; samaki waliolala hushtuka na kujigonga.

Sasa upangaji wenyewe. Badala ya rundo moja, tengeneza matatu kwa tangi la sentimita 120, mawili kwa dogo zaidi. Yasiwe kwenye mstari mmoja: moja likae nyuma kushoto, la kati lisogee mbele kidogo, la tatu lirudi nyuma kulia. Moja kati yake lipande hadi theluthi mbili ya kimo cha maji. Kati ya rundo na rundo acha uwazi wa mchanga. Uwazi huo ndio utakaokuwa mpaka, na samaki hupenda mpaka unaoeleweka. Rundo likiungana na jingine kwa mawe madogomadogo, mwenye nguvu atayahesabu yote kuwa lake.

Mawe yaanze kwenye sakafu ya kioo, mchanga uje baadaye. Sikilidi wengi huchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbuliwa chini yake na kuanguka, na kinachopasuka hapo huwa samaki au kioo. Tandika kipande cha plastiki laini chini ya mawe makubwa ili uzito usikae kwenye ncha moja. Kila jiwe unaloweka litikise kwa mkono. Likicheza, ligeuze hadi litulie. Rundo refu ligandishwe kwa silikoni ya akwaria, isiyo na dawa ya ukungu, na liachwe likauke siku mbili kabla ya kuingia majini.

Kabla ya hapo, dondoshea jiwe matone ya siki. Likitoa mapovu lina chokaa na litapandisha pH ya maji. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa au Tanganyika hilo ni jema, maana maji yao ya asili yana ualkali. Kwa malaika na samaki wengine wa maji laini, litafute jingine. Jiwe lenye michirizi ya kutu au ya chuma liache huko huko.

Mapango yawe mengi kuliko samaki. Samaki kumi wapate mapango kumi na tano, wasiwe na sababu ya kugombea. Kila pango liwe na milango miwili. Pango la mlango mmoja ni mtego: mdogo akikimbilia humo, mkubwa anakaa mlangoni na kumng'ata akijaribu kutoka. Na yatofautiane ukubwa, kiasi kwamba machache yawe na mlango ambao kichwa cha mbabe hakipiti. Pima kwa macho: mlango unaomtosha mdogo mapezi yakiwa yamelala, usizidi hapo. Vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, vilivyovunjwa nusu, vinafanya kazi hiyo vizuri, na vipande vya bomba la plastiki la maji pia. Bomba si zuri machoni, lakini samaki hajali, na baada ya mwezi mwani utakuwa umelifunika.

Kuna jambo watu husahau. Samaki aliyeshindwa mara nyingi hukimbilia juu. Tumezoea kujenga maficho yote chini, kwa hiyo yule mnyonge anakwenda mahali pekee ambapo hakuna kitu, anabaki wazi. Weka kipande cha mti kinachofika karibu na uso wa maji, mimea mirefu kama valisneria ambayo majani yake hulala juu, au mimea inayoelea upande mmoja. Mti uchemshe au uloweke kwanza hadi uzame. Ukitoa rangi ya chai majini hauna madhara. Tangi lifunikwe vizuri pia, kwani aliyekosa pa kujificha huruka nje.

Mimea yenyewe ni ukuta mzuri, ila si kwa kila samaki. Mbuna, wale sikilidi wa mawe wa Ziwa Nyasa, huila. Anubia ina majani magumu na huponea mara nyingi, hasa ukiifunga kwenye jiwe kwa uzi bila kulifukia shina lake linalotambaa, ukilifukia linaoza.

Mwisho wa hatua hii ni vioo. Taa ya tangi ikiwaka chumba kikiwa giza, kioo hugeuka kuwa kama cha kujitazamia, na dume anaweza kushinda akipigana na kivuli chake. Bandika karatasi nyeusi nje ya kioo cha nyuma na cha pembeni, au acha taa ndogo ya chumba ikiwaka. Taa ya tangi yenyewe saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha.

Hatua ya 6: Mpe kila mmoja makazi ya kwao

Mpangilio nilioueleza hadi hapa ni wa jumla, na kuna samaki ambao bila kujua walikotoka utakosea.

Mbuna ni wa fukwe za mawe za Ziwa Nyasa. Jina lao lenyewe, katika Kitonga cha Malawi, maana yake ni samaki wa mawe. Hula mwani uliojishikiza kwenye miamba, kwa hiyo kwa dume mwamba ni shamba na nyumba kwa pamoja. Wajengee mawe, mawe, mawe. Kwao kuna mbinu inayopingana na akili ya kawaida: kuwazidisha kidogo. Samaki watano kwenye lita 240, mbabe atachagua mmoja na kummaliza. Samaki kumi na tano, hasira zake zinagawanyika na kulinda eneo kubwa kunamshinda. Ila msongamano huo unadai filta inayozungusha maji mara 6 hadi 10 ya ujazo wa tangi kwa saa, na kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji kila wiki. Usiponuia kuifanya kazi hiyo, usiwazidishe. Dume mmoja awe na majike watatu au zaidi. Na mbinu hii ibaki kwa mbuna. Ukiipeleka kwa samaki wengine wanaoshikilia eneo, unaongeza majeruhi tu.

Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika ni kinyume chake. Hawazidi sentimita 5 na huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Hao mawe hayawasaidii. Mimina mchanga wa sentimita tano au zaidi, tawanya makombe, mawili au matatu kwa kila samaki, kisha ondoka. Watachimba na kuyapanga wenyewe, na kila mmoja atajua lake. Raha ya kuwatazama ni ule udogo wao: nimeona mmoja akitema mchanga kwa mdomo mbele ya kidole changu kama anayenifungia mlango.

Puntigrus tetrazona, yule mdogo mwenye mistari minne myeusi ya kusimama, haumizi kwa sababu ya eneo. Huyu akiwa peke yake au wakiwa watatu hung'ata mapezi ya wengine. Wakiwa wanane, kumi, hukimbizana wao kwa wao na kusahau majirani. Dawa yake ni kuongeza ndugu zake, na kutomweka na samaki mwenye mapezi marefu.

Beta dume, Betta splendens, hakai na dume mwenzake. Hapa hakuna upangaji wa mawe utakaosaidia. Mmoja, mimea mingi, mkondo wa maji mpole, na uso wa maji usiozibwa wote kwa sababu hupanda kuvuta hewa.

Halafu kuna wazazi. Malaika wapole wakitaga kwenye jani, au sikilidi Amatitlania nigrofasciata akitaga kwenye pango, samaki wengine wote hufukuziwa upande wa pili wa tangi. Hiyo si tabia ya kurekebisha, wanalinda watoto. Gawanya tangi kwa wavu wa plastiki kwa wiki chache, au wahamishe wenzao.

Hatua ya 7: Lisha pande mbili kwa wakati mmoja

Chakula kikidondoka mahali pamoja kila siku, mahali hapo hupata mwenyewe. Tumia mikono miwili: kulia na kushoto kwa pamoja. Kidogo mara mbili au tatu kwa siku kuliko kingi mara moja, na changanya kinachoelea na kinachozama ili aliye chini asilazimike kupanda. Mbuna wapewe chakula chenye mimea kwa wingi; chakula kizito cha nyama huwavimbisha tumbo, na ugonjwa huo huua haraka.

Hatua ya 8: Kumwingiza mgeni

Mgeni akae kwenye tangi la pembeni wiki mbili hadi nne, uone kama ana ugonjwa. Siku ya kumwingiza, walishe wenyeji kwanza. Kisha hamisha mawe. Usisogeze jiwe moja au mawili. Bomoa rundo zima ulipeleke kwingine, ili kila mwenyeji naye awe mgeni kwa usiku huo. Baada ya hapo zima taa, ndipo umwachie mgeni. Waingie wawili, watatu kwa pamoja ikiwezekana, wenye ukubwa unaokaribiana na wenyeji. Taa ibaki imezimwa hadi asubuhi, na asubuhi hiyo usiende kazini bila kutazama kwa dakika kumi.

Hatua ya 9: Mbabe aliyeshindikana

Kama umefanya hayo yote na mmoja bado anavuka tangi zima, mtoe siku tatu hadi saba. Kumtoa tu, kama nilivyofanya mimi, ni kumpisha mwingine kitini. Faida inakuja ukipanga upya mawe wakati hayupo, kisha akarudi kwenye nchi asiyoijua, wenzake wameshagawana viwanja. Awekwe kwenye chombo kingine, mbali na macho yao. Kikapu cha plastiki kinachoning'inia ndani ya tangi lilelile hakifai sana, maana anawaona na wanamwona, na mpaka wake unabaki kichwani.

Akirudi vilevile mara ya pili, mtafutie mtu mwenye tangi kubwa. Usimwachie mtoni wala ziwani kwa kumhurumia.

Auratus wangu alirudi baada ya siku sita. Wakati huo nilikuwa na tangi la sentimita 120 na marundo matatu. Saa ya kwanza alijibanza chini ya filta, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Siku ya tatu alikuwa ameshika rundo la kati. Siku ya saba nikatoa karatasi ya zamani, nikakaa mita mbili kutoka kwenye kioo, nikachora nyingine. Ya kwanza ilikuwa na mishale 31, karibu yote ikivuka karatasi nzima. Ya pili ilikuwa na 14, mingi mifupi kama kucha, ikiishia kwenye mchanga kati ya mawe. Mitatu tu ndiyo iliyopita ukutani kwa nyuma, mahali ambapo nilikuwa nimeacha mwanya wa vidole viwili kati ya rundo na kioo. Nikauziba kwa kipande cha chungu.

Fanya hivyo nawe: ramani mpya baada ya wiki, jiwe moja kwa wakati, pale mshale mrefu unapopita.